Siku tisa na mzee wodini: jengo nyota mbili, manesi nyota tano

Jina la hospitali sitaji, msinifuate inbox. Ni ya hapahapa Dar, ya kulipia, ina geti la kuslaidi na bustani na rangi ya maziwa safi kabisa, ukipita na daladala unasema aisee hapa hata ukiumwa unaumwa vizuri. Mzee wangu alilazwa pale Aprili, presha na sukari vilipanda kwa pamoja, nikakaa naye siku tisa nalala kwenye kiti cha plastiki, wodi ya wanaume, vitanda 14. Sasa watu wengi wakitoa maoni ya hospitali wanaongelea dokta alichelewa, foleni ya mapokezi, bima imekataliwa. Hayo mengine wataandika wengine. Mimi ni fundi wa kupaua, miaka 18 niko juu ya mapaa ya watu, kwa hiyo nitaongelea jengo, maana siku tisa ukiwa umekaa chini ya kitu unakijua.

Na mzee naye ndo balaa zaidi. Ni seremala mstaafu, yeye ndo alinifundisha kazi, mtoto wa Lindi. Mtu amelazwa chali, dripu mkononi, kitu pekee anachokiona ni siling. Siku ya pili tu akaniita, "Hebu tazama pale juu ya kitanda cha yule bwana, ile alama ya kahawia." Nikatazama. Duara la maji kwenye jipsam, limepakwa rangi juu likarudi tena, limepakwa tena, yaani ukiangalia vizuri unaona pete tatu kama za mti. Mzee akasema hapo kuna masika tatu. Nikacheka. Siku ya tano sikucheka.

Nianze na joto lakini, maana joto ndo lilianza. Wodi yetu iko jengo jipya, ghorofa ya juu. Paa ni la kuficha, ile staili ya sasa vijana wanaita kontempo, unaona ukuta umepanda juu umenyooka kama boksi na bati limelazwa ndani halionekani. Kwa macho ni zuri, wateja wangu wote siku hizi wanalitaka. Ila bati lile lina mlalo mdogo, chini yake hakuna kitu chochote cha kuzuia joto, kisha siling ya jipsam imeshushwa chini ili ziingie taa za kisasa. Jua la Dar likipiga kuanzia saa nne, bati linageuka kikaango, hewa iliyo kati ya bati na siling haina pa kutokea kwa sababu ukuta umeziba pande zote nne, kwa hiyo joto linashuka kwa wagonjwa. Saa tisa alasiri kipimo cha ukutani (manesi wamekibandika wenyewe karibu na kabati la dawa) kilikuwa kinasoma nyuzi 33, na hiyo ni siku ya mawingu. Dawa nyingi za kabatini boksi lake limeandikwa zisizidi 30, zingine 25. Nilimuuliza sista akanambia, "Kaka, insulini na zile za baridi ziko kwenye friji, hizi zingine ndo tunazihamisha mchana tunapeleka kwa famasia halafu jioni tunazirudisha." Yaani nesi anabeba dawa kutwa kwenda na kurudi kwa sababu paa halijafanya kazi yake.

Na joto la Dar sio joto la Dodoma. Hapa kuna unyevu, jasho linatoka halikauki, mwili unabaki na moto wake. Sasa chukua mzee wa miaka themanini, anameza dawa za presha zinazomkojoza maji yote, mlaze kwenye godoro lenye kava la plastiki. Chukua na nesi, amevaa glovu na barakoa na eproni, anazunguka vitanda 14 na mwenzake mmoja, zamu ya masaa kumi na mbili. Nilimuona mmoja ameegemea friji ya dawa kabisa, mgongo kwenye mlango wa friji, dakika moja hivi, akaendelea na kazi.

Mtasema si kuna AC. Ipo, mapokezi, famasia na ofisi ya mkuu. Wodini kuna pangaboi mbili, na pangaboi kwenye chumba kilichoziba linazungusha moto uleule tu. Mngefungua madirisha, sawa, ila madirisha ni alumini ya kuslaidi. Hapa naomba mnisikilize vizuri hata wewe unayejenga kwako: dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo umelipia dirisha la futi sita unapata hewa ya futi tatu. Weka na wavu wa mbu, ikishika vumbi umebakiwa na kidogo sana. Vioo vya luva ambavyo watu wanaviona vya kizamani vilikuwa vinafunguka vyote. Na wodi yetu madirisha yako upande mmoja! Upande wa pili korido. Hewa ikiingia itoke wapi? Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 liliweka kipimo cha wodi za kawaida zinazotegemea hewa ya dirisha, lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Mimi sina mashine ya kupimia, ila pazia la pale siku tisa sikuliona likicheza.

Ukitaka kujua kwamba hili jambo lilikuwa linajulikana zamani nenda ukasimame nje ya Ocean Road. Wajerumani waliijenga 1897, leo ni taasisi ya saratani. Lile jengo limeitazama bahari, limevikwa baraza, jua linaishia barazani halifiki ukutani. Walijengea wazungu wenzao, sisi na Wahindi tulikuwa na ya kwetu ya Sewa Haji, yule tajiri mfanyabiashara, hilo nalo tusilisahau, ila jengo ni jengo, na hawakuwa na AC wala Tanesco. Sasa sisi tuna bati, jipsam na alumini, na joto limezidi la wakati wao, halafu tunajenga boksi.

Haya tuje usiku wa siku ya tano.

Mvua ilianza kama saa saba usiku, na sio hii ya kunyesha ikapumzika, ni ile inayomwagwa. Mnaokumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 2023 mnajua ninachosema, ile mwaka ambao Hanang tope lilishuka Katesh Desemba 3 likafukia watu. Siku hizi mvua ya mwezi inaweza kuja ndani ya siku mbili, na gata iliyopigiwa hesabu za zamani haiwezi. Sasa paa la kuficha ndani yake kuna mfereji mkubwa wa zege au bati, maji yote ya paa yanakusanyika mle halafu yanatoka kwa matundu machache kwenda kwenye bomba. Paa la kawaida gata ikijaa maji yanamwagika nje, unalowa wewe mpita njia, basi. Paa la kuficha mfereji ukijaa maji yanatafuta njia ya karibu, na ya karibu ni ndani. Na pale nje ya wodi kuna mwembe mkubwa mzuri ajabu, majani yake yanadondokea wapi, mnajua wenyewe.

Ilianza tone moja kwenye ile alama ya kahawia. Mzee alikuwa macho, akasema taratibu tu, "Imefika." Dakika tano likawa uzi, dakika kumi ile jipsam ikavimba tumbo kama chandarua chenye maji, yule bwana wa chini yake kalala na mguu umefungwa hawezi kujisogeza. Sista wa zamu (dada mwembamba tu, huwezi kudhani) akapiga kelele moja, "Ndugu wote wa wagonjwa simameni mnisaidie!" tukamsukuma yule bwana na kitanda chake mpaka katikati, na tulivyomtoa tu, bodi ikaanguka pale alipokuwa kichwa chake. Maji, vumbi la jipsam, majani ya mwembe, na kinyesi cha popo, vyote. Sikudanganyi, majani mazima kabisa.

Halafu umeme ukakatika. Sawa, unakatika, hii ni Dar. Jenereta lipo, kubwa, nimeliona mchana nyuma ya jengo karibu na jiko, ila lipo kwenye kona ya chini kabisa ya kiwanja, pale ambapo maji yote ya uani yanaelekea. Tofali mbili tu za kulinyanyua. Mlinzi akaja kusema maji yamefika kwenye boksi la nyaya, fundi anasema asiwashe atalipua. Kitanda namba tatu kulikuwa na mzee wa kifua anapumulia ile mashine ya oksijeni ya kuchomeka ukutani. Ikazima. Wale manesi wawili, mmoja na tochi ya simu mdomoni, amebana simu kwa meno naapa, mwingine anaburuta mtungi wa akiba kutoka korido, sakafu ya taili zinazong'aa imejaa maji, akateleza. Akaangukia mkono. Akanyanyuka, akamfunga mzee mtungi, akazungusha kile kishikizo, akasubiri aone povu kwenye kichupa cha maji, ndipo akashika mkono wake akakaa chini kwenye maji akalia kidogo. Umeme ulirudi baada ya dakika kama ishirini. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba, akafungwa bandeji, na kesho yake usiku nikamkuta zamu tena.

Ndo maana nasema nyota tano kwa manesi, na ndo maana nina hasira na jengo. Watu wanadhani usalama wa jengo la hospitali ni lisianguke. Halikuanguka, ni imara, nondo za kutosha naona. Lakini usiku ule kila kazi ambayo jengo lilitakiwa kufanya (kuzuia maji, kuleta hewa, kushika umeme, kumshika mtu mguu asiteleze) walifanya wadada wawili kwa mikono yao, juu ya kazi yao ya uuguzi ambayo nayo haikusimama. Soketi za ukutani zipo chini karibu na sakafu, wametembea kwenye maji zikiwa pembeni yao. Bahati tu umeme ulikuwa umekatika, yaani kukatika kwenyewe ndo kulituokoa, fikiria.

Kulipokucha mzee ndo akaanza kuongea, sukari imeshuka yuko vizuri. Akaniambia habari za kimbunga cha Lindi, Aprili 1952, yeye mtoto. Nimeisikia hadithi hii mara mia ila safari hii niliisikiliza kama fundi. Alisema walichokumbuka wazee ni mapaa kuondoka mazima, yakipaa. Na ni kweli, watu wanafikiri upepo unalikandamiza paa, wapi, upepo ukipita juu ya bati unalinyonya kwenda juu, na ule ulioingia kwa dirisha lililovunjika unasukuma toka chini, kwa hiyo paa linavutwa na linasukumwa kwa pamoja. Kinacholishikilia ni mnyororo mmoja, bati kwenye papi (mbao za kupigilia bati), papi kwenye kenchi (zile pembetatu za mbao zinazobeba paa), kenchi kwenye ile mbao ya juu ya ukuta, na hiyo mbao kwenye linta (mkanda wa zege wa ukutani). Pete moja ikiwa mbovu zingine zote kazi bure. Mafundi wengi wa pwani (na mimi nimo kwenye miaka yangu ya mwanzo, Mungu anisamehe) ile mbao ya juu tunaipiga misumari michache tunasema uzito wa paa utajishikilia. Tumezoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Zanzibar ilipigwa 1872 mikarafuu ikalala chini, Lindi 1952, na juzijuzi Mei 2024 Hidaya ikaja mpaka Mafia, boti za Zanzibar zikasimamishwa, tukashukuru ilipungua nguvu ilipofika. Beira kule Msumbiji, Machi 2019 kimbunga Idai kiling'oa mapaa ya hospitali kuu ya mji, wakati ambapo mji mzima ndo ulikuwa unaihitaji. Bahari yetu inazidi kupata moto na hivi vitu vinakula moto wa bahari.

Kwa hiyo lile paa la kuficha, kwa haki, kwenye upepo lina nafuu kidogo, ukuta unalikinga. Naliandika hili kwa sababu kuna mtu atakuja kwenye komenti kunifundisha. Ila kwa mvua na joto kwa hospitali mimi siliwezi. Ningekuwa mimi ningeweka migongo minne, mlalo wa kutosha, upenu mrefu, na baraza lenye paa lake peke yake, halijaungwa na paa kubwa, ili upepo ukilichukua baraza usiondoke na wodi. Hiyo alinifundisha mzee, hajaisoma popote.

Mazuri? Yapo. Usafi wa mchana uko juu, chakula sio kibaya (uji wao mwepesi mno lakini), ngazi zina njia ya kiti cha magurudumu yenye mteremko wa kistaarabu, dokta wa asubuhi anaongea na mgonjwa sio na faili. Bei ni ya kawaida ya hospitali za kulipia. Choo cha wodini kilikuwa kinafanya kazi hata usiku wa mafuriko kwa sababu tanki la maji machafu liko sehemu ya juu, hapo nawapa heko kabisa, maana choo kikirudisha maji machafu wodini wakati wa masika hiyo tena ni habari ya kipindupindu.

Kuna jamaa yangu aliwahi kupiga kibarua Rwanda akanisimulia hospitali ya Butaro, iko kaskazini huko Burera, ilifunguliwa 2011. Nikaitafuta picha. Vitanda vimegeuziwa mgongo ukuta mfupi wa katikati ya wodi, kila mgonjwa anatazama dirisha na vilima. Korido ziko nje, watu wanasubiri kwenye hewa ya wazi, kikohozi cha mtu hakizunguki na jengo zima. Madirisha ya juu, feni kubwa za kwenda polepole, na mawe ya volkano yamejengwa na mafundi wa palepale kijijini. Sasa Butaro ni baridi, huwezi kuibeba ukaitua Dar kama ilivyo, pale shida yao ilikuwa kifua kikuu zaidi kuliko joto. Ila kuna mtu alikaa akajiuliza hewa inaingia wapi inatoka wapi kabla hajachora. Mzee nilimuonesha picha kwenye simu, akaikuza, akaikuza, akasema, "Huyu alilala kitandani kwanza ndo akachora." Sidhani kama ni kweli ila nimeipenda.

Siku ya nane nikaenda kwa msimamizi wa majengo. Kijana mstaarabu, akaniita kaka, akanipa kiti. Nikamwambia mambo matatu tu, sikutaka kumchosha: mfereji wa juu usafishwe kila wiki masika na uongezewe tundu la dharura linalomwaga nje, jenereta lipandishwe kwenye jukwaa la zege angalau kimo cha kiuno, na lile bati lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha jua huku ukuta wa kuficha utobolewe matundu ya hewa yenye wavu. Hakuna hata moja la kuvunja jengo. Akaandika. Akasema bajeti ya mwaka imeshapita ila ataifikisha. Nikamwambia basi la kwanza niruhusu nipande mwenyewe bure, akasita akasema mambo ya bima, akapiga simu, akasema haya.

Nikapanda. Jamani. Majani kiganja kizima cha unene, udongo umeshaota nyasi ndani ya mfereji, chupa ya maji, kandambili moja (ya mguu wa kushoto, ilifikaje huko hata sielewi), na kati ya matundu manne ya kutolea maji matatu yamezibwa kabisa na moja lina kiota. Nilitoa mifuko mitano ya salfeti. Nikafunga wavu wa kuku kwenye kila tundu, ule wa elfu chache tu hadwea. Yule sista wa mkono alikuwa amesimama chini uani ananiangalia, akaniita, "Kaka, umeona nini huko?" Nikamrushia ile kandambili.

Kwa hiyo ukimpeleka mtu wako hospitali yoyote, ukishamaliza mapokezi nyanyua macho tafuta alama za kahawia kwenye siling, angalia madirisha yapo pande ngapi, zunguka nyuma uone jenereta limekaa juu au chini. Na ukimkuta nesi ameegemea friji usimseme mvivu. Mpe maji.

Jengo nyota mbili, moja ya tanki na moja ya ile njia ya magurudumu. Manesi tano, zingekuwepo sita ningewapa.

Apdeti: jana nimempeleka mzee kliniki ya sukari palepale, anaendelea vizuri. Nikapanda wodini kuwasalimia. Jipsam mpya imewekwa, nyeupe kabisa, wavu wangu bado upo nimeuona kwa dirisha la ngazi. Jenereta liko kwenye tofali zake mbili. Na chini ya ile siling mpya, pembeni ya kitanda, nikakuta wameweka ndoo tupu. Nikamuuliza sista vipi, imevuja tena? Akasema hapana kaka, bado, hiyo ni ya vuli.